Mama Mjamzito Akitaka Kuacha Tumbaku, Nani wa Kumsaidia?

Katika nyumba zetu nyingi habari ya mama kuvuta sigara haitajwi waziwazi. Baba akivuta barazani hakuna ashangaaye. Bibi kizee akijitilia ugoro, watu huona kuwa ni starehe ya uzee wake. Lakini mama kijana akivuta, huvuta kwa siri: nyuma ya jiko, chooni, au usiku watu wakiisha lala. Na akishika mimba, siri ile huzidi uzito, maana sasa aogopa mambo mawili kwa pamoja. Aogopa kwamba moshi utamdhuru mtoto, tena aogopa kwamba watu watamjua. Hofu ya pili mara nyingi huishinda ya kwanza. Basi huenda kliniki, akapimwa uzito na damu, akaulizwa habari za chakula na chandarua, akarudi nyumbani bila kulisema lile limlemealo.

Somo letu la juma hili lamhusu mama huyo. Hatuandiki ili tumhukumu, kwani hukumu amekwisha jihukumu mwenyewe mara nyingi. Twaandika ili yeye na watu wa nyumbani mwake wajue mambo matatu: kwamba tumbaku humdhuru kweli mtoto aliye tumboni; kwamba kuiacha ni kazi ngumu, wala si suala la mapenzi peke yake; na kwamba kazi hiyo hufanikiwa zaidi mtu wa pili akitia mkono.

MOSHI WAFANYA NINI TUMBONI?

Mtoto aliye tumboni havuti pumzi kwa mapafu yake. Oksijeni humfikia kwa njia ya damu ya mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mama akivuta sigara, mengi yaliyomo katika moshi huingia katika damu yake, na kutoka hapo humfikia mtoto.

Ndani ya moshi wa tumbaku mna kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati ya hizo zajulikana kuwa huleta saratani. Lakini kwa habari ya mtoto wa tumboni, yafaa tutazame hasa mbili. Ya kwanza ni kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ile ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Ikiingia katika damu hukamata mahali pa oksijeni, nayo damu hubeba hewa njema iliyopungua. Ya pili ni nikotini. Hiyo hubana mishipa ya damu, hata damu iendayo kwa mtoto ikapungua. Tena ndiyo imfungayo mvutaji asiweze kuacha.

Madhara yake yamejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1957 mtafiti Winea Simpson, huko California nchini Marekani, alitangaza kwamba akina mama wavutao sigara huzaa watoto wenye uzito pungufu zaidi kuliko wasiovuta. Uchunguzi wa nchi nyingi tangu hapo umelithibitisha neno hilo. Mtoto wa mama avutaye hupungua, kwa wastani, gramu 200 hivi. Msomaji aweza kusema kwamba gramu 200 si kitu, hata robo kilo ya sukari haifiki. Lakini mtoto azaliwaye na uzito chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na kwa mtoto aliye karibu na mpaka huo, gramu 200 zaweza kumvusha upande wa hatari. Ndiye asiyestahimili baridi, ashindwaye kunyonya, na ashikwaye upesi na maradhi.

Zaidi ya hayo, tumbaku huongeza hatari ya mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi, ya kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati na kumtia mama katika kutokwa na damu nyingi, ya kuzaa mtoto njiti kabla ya wiki 37, ya mtoto kufia tumboni, na ya mtoto mchanga kufa ghafla usingizini. Hatusemi kwamba kila mama avutaye atapatwa na hayo. Wapo waliovuta, na watoto wao wazima mpaka leo. Twasema kwamba hatari huongezeka, na kwamba hatari hii yaweza kupunguzwa.

Wala mtu asidhani kwamba ugoro au tumbaku ya kutafuna ni salama kwa kuwa havina moshi. Nikotini ni ile ile, na yenyewe huhusiana na kuzaliwa kwa njiti, uzito pungufu na watoto wafu. Hata jani bichi lina neno lake. Katika wilaya zilimazo tumbaku, kama Urambo mkoani Tabora, akina mama huchuma majani na kuyatundika mabanini. Jani likiwa na umande, nikotini hupenya katika ngozi, na mchumaji akashikwa na kizunguzungu na kutapika. Mwenye mimba aweza kudhani ni kichefuchefu cha mimba, kumbe ni sumu. Yafaa apewe kazi nyingine.

Sasa tuseme na habari njema. Utafiti uliofanywa Australia na New Zealand, ukatangazwa mwaka 2009, uliwafuata akina mama wenye mimba ya kwanza. Wale walioacha sigara kabla ya wiki ya 15 hawakuzaa njiti wala watoto wadogo kupita wale wasiovuta kabisa. Yaani aliyeacha mapema alirudi katika hali moja na wenzake. Hata aliyechelewa hana sababu ya kukata tamaa, maana siku mbili tu baada ya sigara ya mwisho, kaboni monoksidi huwa imekwisha toka katika damu, naye mtoto hupata oksijeni zaidi. Na miezi ya mwisho ya mimba ndiyo mtoto aongezekayo uzito sana.

KWA NINI KUACHA NI KUGUMU?

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyevuta huona ni jambo jepesi, akasema: "Kama ampenda mwanawe, si aache tu?" Maneno hayo husemwa na mama mkwe, na mume, hata na wauguzi. Nayo huumiza, kwa kuwa mama mwenyewe amekwisha kujiuliza hivyo usiku kucha.

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde chache tu. Ubongo huizoea, hata ukaidai. Isipokuja, mtu hushikwa na hasira, huzuni, wasiwasi, kukosa usingizi, na akili kutotulia mahali pamoja. Taabu hiyo huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kidogo kidogo katika majuma mawili hadi manne.

Tena liko jambo ambalo wachache walijua. Mwili wa mwanamke mwenye mimba huiondoa nikotini katika damu upesi zaidi kuliko wakati asipokuwa na mimba. Kwa hiyo ile kiu humrudia mapema. Mama aliyeridhika na sigara tano kwa siku kabla ya mimba aweza kushangaa kuona kwamba sasa tano hazimtoshi, akajiona amekuwa mbaya kuliko zamani. Sivyo. Mwili wake umebadilika, na vita vyake vimekuwa vikali zaidi wakati ule ule ambapo watu wote wamtaka ashinde.

Hebu tutazame jaribio lililofanywa katika mji wa Glasgow, Scotland, likatangazwa mwaka 2015. Akina mama wajawazito 612 waliokuwa wakivuta waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza walipewa mashauri na msaada wa kawaida wa kliniki. Fungu la pili walipewa msaada ule ule, pamoja na hati za kununulia vitu dukani kila walipopimwa na kuonekana kwamba wameacha kweli. Mwisho wa mimba, katika fungu la kwanza walioacha hawakufika 9 katika kila 100. Katika la pili walipita 22.

Hapo twapata mafundisho mawili. Akina mama wale wote walikuwa wamekwisha elezwa hatari, na bado wengi wao walishindwa. Basi kushindwa si dalili ya kutompenda mtoto. La pili, msaada wa kweli, ulioonekana kwa macho, ulizidisha idadi ya walioshinda zaidi ya mara mbili. Sisi hatuna hati za dukani za kugawa. Lakini hatukosi vya kutoa.

MANENO YASIYO KWELI

Kabla ya kusema juu ya msaada, yatupasa kuondoa maneno matatu yaliyoenea mitaani.

Wengine husema: "Mtoto akiwa mdogo, uzazi huwa mwepesi." Mtoto aliyepunguzwa na moshi si mdogo wa kawaida, ni mtoto aliyenyimwa. Aweza kuzaliwa upesi akakaa hospitali majuma mengi.

Wengine husema: "Ukiacha ghafla utamshtua mtoto." Si kweli. Taabu ya kuacha humsumbua mama, lakini haimdhuru mtoto kama sigara imdhuruvyo. Kuacha kabisa ni heri.

Wengine husema: "Punguza tu, yatosha." Kupunguza kwaweza kuwa hatua ya njiani, lakini si mwisho wa safari. Apunguzaye idadi mara nyingi huivuta kila sigara kwa nguvu zaidi mpaka kichungi, na sumu iliyompungua ni kidogo kuliko adhanivyo.

MSAADA WA KWANZA: KUSEMA

Mlango wa msaada ni ulimi wa mama mwenyewe. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mama mjamzito aulizwe habari za tumbaku mapema iwezekanavyo, na tena kila aendapo kliniki: kama avuta, kama alivuta zamani, na kama yuko avutaye nyumbani mwake. Mahali pengi swali hilo husahauliwa. Basi mama asilingoje. Na aseme mwenyewe, kwa maneno machache: "Nesi, mimi navuta sigara. Nimejaribu kuacha nikashindwa. Naomba unisaidie."

Kwa wakunga na wauguzi twaomba neno moja. Mama akisema hivyo, amefanya jambo la ushujaa. Msimkemee mbele ya wenzake waliokaa kwenye benchi. Mkaribisheni pembeni, mwulizeni huvuta lini na kwa sababu gani, mchague naye siku ya kuacha, mwandike katika kadi yake, na safari ijayo mwulizeni habari zake. Kule kujua kwamba yuko mtu atakayeuliza kwa wema ni msaada mkubwa.

Mama asinunue dawa kwa shauri lake mwenyewe. Ziko dawa za kuachia sigara zisizoshauriwa kwa wajawazito, na hata bandiko au ubani wa nikotini yafaa viamuliwe na daktari ajuaye hali yake.

KAZI YA MUME

Enyi waume, hapa twasema nanyi. Mume hawezi kumwambia mkewe "acha" huku pakiti ikitoka mfukoni mwake. Mke akaaye na mume avutaye hushindana na kiu yake na harufu ya sigara kwa pamoja, mezani na kitandani. Tena moshi wa mume peke yake, hata kama mke havuti kamwe, humfikia mtoto na kumpunguzia uzito.

Basi lililo bora ni kuacha wote wawili, kwa siku moja. Mume ambaye bado hajaweza, walau afanye haya: asivute kamwe ndani ya nyumba, wala mlangoni moshi urudipo ndani, asimtume mke wala mtoto dukani kumnunulia, asiache sigara wala kiberiti mahali pa wazi, asimwombe mke amwashie. Na katika zile siku tatu za kwanza, mke akiwa mkali bila sababu, akumbuke kwamba ni taabu ya kuachana na nikotini isemayo, wala si mkewe. Na amchukulie. Jioni moja ya uvumilivu yaweza kuzuia sigara moja, nayo ikazuia kurudi nyuma kwa mwezi mzima.

Kuamua kwamba nyumba fulani haitakuwa na tumbaku si jambo la ajabu. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba kuanzia mwaka 2018 sigara zisiuzwe tena katika Vatikani, ingawa mauzo yale yalikuwa yakileta fedha. Ikiwa dola nzima, ingawa ndogo, iliweza kuikataa faida ile kwa ajili ya afya za watu, nyumba yenye vyumba viwili yaweza pia.

JAMAA NA MAJIRANI

Si kila mama ana mume karibu. Wengine wameachwa, wengine waume zao wako mbali kazini, na wengine mume ndiye amwogopaye zaidi. Hapo dada, shangazi, rafiki, au mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo aweza kuwa nguzo. Hahitaji elimu kubwa. Ahitaji kuweza kutunza siri, kutomcheka mtu, na kupatikana saa ya shida.

Kiu ya sigara huja kama wimbi: hupanda, hukaa dakika chache, kisha hushuka. Mama akilipita wimbi moja, amelishinda. Katika dakika hizo anywe maji polepole, atafune karoti au kipande cha muwa, anawe uso, atoke aende kwa yule rafiki, au aishike kazi ya mikono. Kabla ya siku ile ya kuacha, ajichunguze ajue mawimbi yake huja saa ngapi. Kwa wengi ni baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula, na baada ya ugomvi. Ajuaye saa ya adui hakutwi amelala. Aliyezoea kuvuta na chai nyuma ya jiko, na anywe chai yake barazani pamoja na watu. Na fedha ambayo angenunulia sigara moja moja, aitie kibubu kila siku. Mwisho wa mwezi ataona nguo za mtoto zimekwisha patikana.

Akiteleza akavuta moja, rafiki asiseme, "Nilijua hutaweza." Kuteleza si kuanguka. Na waulizane: ilikuwaje, na kesho tufanye nini saa ile ile? Wengi walioacha kabisa waliteleza kwanza mara kadhaa.

BAADA YA KUZAA

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mama aliyejizuia miezi yote kwa ajili ya tumbo, akiisha jifungua huona kama ahadi imekwisha. Usingizi hana, mtoto alia, na wageni waliokuja na zawadi wamekwenda zao. Sigara humrudia kama rafiki wa zamani. Basi wale waliomsaidia wasidhani kazi yao imekwisha siku ya kuzaa. Ndipo imeanza mara ya pili.

Na akirudia, asiache kunyonyesha. Ni kweli nikotini hupita katika maziwa, lakini maziwa ya mama yabaki kuwa chakula bora cha mtoto. Avute nje, baada ya kunyonyesha wala si kabla, na mtoto asilale kitanda kimoja na mtu avutaye. Kisha aanze tena kuacha, maana mlango haujafungwa.

TUJIULIZE NYUMBANI

1. Je, katika nyumba yetu mama mjamzito aweza kusema "navuta" bila kuogopa matusi? Kama hawezi, ni nani kati yetu amzuiaye?

2. Je, moshi waingia katika chumba alalamo mjamzito au mtoto mchanga? Tutauondoaje kuanzia leo?

3. Je, namjua mwanamke mmoja avutaye au atumiaye ugoro kwa siri, naye ana mimba? Nimemsengenya, au nimemwendea?

4. Mimi nivutaye, niko tayari kuchagua siku moja na mke wangu, na kumtaja mtu mmoja wa kutuuliza?

Mkono mmoja haulei mwana. Twalitumia neno hilo mtoto akiisha zaliwa, tukamtandikia, tukamchotea mama maji, tukampikia uji. Lakini malezi huanza kabla ya hapo, na huenda msaada mama autakao mwezi wa tatu wa mimba ni mdogo kuliko uji: ni mtu mmoja wa kumwambia, "Nimesikia. Sitakutangaza. Tuanze lini?"